Moja ya Mteja, Sifuri ya Java

Anayepiga *150*00# ya M-Pesa Tanzania, hata kwa simu ya kitochi, huletewa orodha yenye namba. Anabonyeza namba, anabonyeza nyingine, pesa imekwenda. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania ikafuata 2008, na tangu hapo menyu ya namba imekuwa jambo la kila siku, kiasi kwamba hakuna anayemfikiria aliyeiandika. Mimi namfikiria. Wapo wanaosema kuandika menyu ni zoezi la wanafunzi wa wiki ya kwanza. Ni kweli, lakini zoezi hilo lina unadhifu ambao wakongwe wengi wameuacha njiani.

Tuliandike kwa Java, lugha iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1995. Mama lishe ana vyakula vinne, tunavipanga katika safu moja:

String[] vyakula = {"Wali maharage", "Ugali dagaa", "Chipsi mayai", "Pilau"};

Java huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo wali maharage uko nafasi ya 0 na pilau nafasi ya 3. Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyekuwa mkali kuhusu unadhifu wa programu, aliandika waraka mfupi mwaka 1982 kuutetea mtindo huo, na hoja zake sijaona wa kuzivunja. Ila hakuna mteja anayeketi kwenye benchi akaagiza chakula namba sifuri.

Basi fundi anasimama katikati. Kitanzi chake kinaitembeza nafasi i kutoka 0 hadi kabla ya vyakula.length, yaani idadi ya vyakula, na kila hatua kinachapisha "Na. " + (i + 1) + ": " + vyakula[i]. Tazama yale mabano ya (i + 1). Yaondoe, uone: Java inasoma kutoka kushoto, na ikishakutana na maneno, alama ya kujumlisha inageuka kuwa ya kuunganisha. Mteja anasomewa Na. 01, Na. 11, Na. 21, Na. 31. Weka mabano, orodha inarudi 1, 2, 3, 4. Mabano hayo mteja hatayaona maisha yake yote, nami sijui adabu inayozidi hiyo.

Jibu likirudi, moja iliyoongezwa lazima itolewe: vyakula[chaguo - 1]. Ukisahau, aliyebonyeza 2 akitaka ugali anapakuliwa chipsi, na aliyetaka pilau anaiangusha programu nzima, maana nafasi ya 4 haipo. Java hulalamika kwa jina refu, ArrayIndexOutOfBoundsException, na walau haifichi kitu.

Wengine huandika kila mstari kwa mkono, namba na chakula chake. Inafanya kazi mpaka siku mchele unapopanda bei na mama lishe anaifuta pilau, kisha anaongeza makande na ndizi nyama. Hapo orodha inaruka kutoka 3 kwenda 5, na namba zilizoandikwa kwingine hazina habari. Safu haina balaa hilo: badilisha maneno ndani yake, namba zinajipanga, na hata onyo la "Chagua 1 hadi 5" linachukua ile 5 kwenye length.

Java 5, ya mwaka 2004, ilileta kitanzi kifupi kinachopita kwenye vitu bila kutaja nafasi zake. Ni kizuri, ila kwa menyu nabaki na kile cha zamani, kwa sababu nafasi ndiyo ninayoihitaji. Toleo hilohilo lilileta printf, ambayo naishukuru zaidi: %2d huiachia namba upana wa tarakimu mbili, ili orodha ikifika 10 vyakula visisogee pembeni.

Na kwa kuwa mteja anahesabu kuanzia moja, sifuri inabaki bila chakula. Ndiyo inayopewa "0. Toka". Iulizwe kwanza, kabla ya kutoa moja, kwa kuwa 0 ikitolewa moja ni -1, na nafasi hiyo Java haina.