Mita 30 Chini ya Maji: Ushindi wa Daichi Suzuki Mjini Seoul

Katika fainali ya mita 100 za kuogelea chali kwa wanaume, iliyofanyika tarehe 24 Septemba 1988 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Seoul, mtazamaji aliyekuja kuona mikono ikizunguka na maji yakiruka alilazimika kusubiri. Kwani mlio wa kuanzia ulipotoka wachezaji walijirusha nyuma wakazama, baadhi wakaibuka mapema kama ilivyokuwa ada ya mchezo huo tangu zamani, na wale wawili ambao habari hii inawahusu, Mmarekani David Berkoff na Mjapani Daichi Suzuki, hawakuonekana tena hadi sehemu kubwa ya urefu wa kwanza wa bwawa ilipokwisha kupita. Mengi yamesemwa juu ya ushindi wa Suzuki siku ile, na aghalabu husifiwa moyo wake. Nami sina neno juu ya moyo wake, lakini nadhani ya kutazamwa zaidi ni hesabu yake, maana mbio zile alizishinda kwa mateke sita ya ziada yaliyotiwa mahali pake na kwa wakati wake.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini mtu mwenye akili timamu, tena aliye chali na pua yake ikitazama juu, achague kukaa chini ya maji ilhali hewa iko juu yake, umbali wa dhiraa moja au mbili. Mwogeleaji aendaye juu ya maji husukuma maji mbele yake yakainuka kuwa wimbi, sawasawa na yanavyoinuka mbele ya omo la jahazi, na nguvu nyingi za mwili wake huishia katika kuliinua wimbi hilo badala ya kumpeleka mbele. Na kadiri anavyozidi mbio ndivyo wimbi linavyozidi kumdai. Akishuka chini kidogo, wimbi hilo hupungua mno. Fauka ya hayo, kasi anayoipata kwa kuusukuma ukuta kwa miguu ni kubwa kuliko kasi yoyote atakayoipata baadaye kwa mikono, na kwa hiyo kila mita anayoweza kuihifadhi kasi hiyo isipungue ni faida tupu. Njia ya kuihifadhi ni teke la pomboo: mikono imenyooshwa juu ya kichwa, kiganja juu ya kiganja, mwili umekuwa mwembamba kama uwezavyo, na miguu miwili iliyobanwa pamoja inapiga juu na chini kwa mwendo unaoanzia kiunoni.

Ila faida hiyo ina bei yake. Misuli ya mapaja na nyonga ndiyo mikubwa mwilini, nayo hula pumzi bila huruma. Na mtu aliye chali chini ya maji hawezi hata kuibania hewa yake yote, kwa kuwa asipoitoa polepole puani maji yatamwingia. Teke la kumi ni rahisi, la ishirini ni zito, na baada ya hapo kila teke linalipwa kwa nguvu ambazo mikono itazihitaji katika mita za mwisho. Basi swali la kiufundi halikuwa kama kukaa chini kuna faida, jambo ambalo lilikuwa dhahiri shahiri, bali ni wapi hasa faida inapogeuka kuwa hasara, na kila mwogeleaji ilimpasa alijibu kwa mapafu yake mwenyewe.

Berkoff hakuwa wa kwanza kulijaribu jambo hili. Kabla yake alikuwapo Jesse Vassallo, mzaliwa wa Puerto Rico aliyeichezea Marekani, bingwa wa dunia wa mwaka 1978, ambaye Wajapani mpaka leo huliita teke hilo kwa jina lake. Lakini Berkoff, mwanafunzi wa Harvard aliyefundishwa na Joe Bernal, alilifikisha mahali ambapo hapana aliyedhani litafika: alikuwa akienda takriban mita 35 chini ya maji katika bwawa la mita 50, hata waandishi wa kwao wakaupa mwanzo wake jina la mfyatuko wa Berkoff. Katika mashindano ya kuteua timu ya Marekani, huko Austin mwezi Agosti mwaka ule ule wa 1988, aliivunja rekodi ya dunia mara mbili, kwanza kwa sekunde 54.95 kisha kwa 54.91, akawa mwanadamu wa kwanza kuteremka chini ya sekunde 55, mpaka ambao Mrusi Igor Polyansky alikuwa ameufikia barabara bila kuuvuka.

Mjini Seoul, katika mchujo, Berkoff alikwenda kwa sekunde 54.51. Polyansky alipata 55.04. Suzuki alifuzu akiwa wa tatu kwa 55.90, yaani nyuma ya Berkoff kwa sekunde 1.39, nafasi ambayo kwa mwendo wa watu hao ni zaidi ya mita mbili za maji. Na yeyote aliyeisoma orodha ile mchana huo angeliona kwamba dhahabu na fedha zimekwisha kupata wenyewe, na kwamba Mjapani, akijitahidi, ataambulia shaba.

Hapa ndipo sifa za mkufunzi wake, Yoji Suzuki, ambaye jina lake la ukoo ni lile lile, zinapostahili kutajwa. Ada ya Daichi Suzuki ilikuwa kupiga mateke 21 chini ya maji na kuibuka kwenye mita 25; kwa ajili ya fainali waliafikiana apige 27 na kuibuka kwenye mita 30. Nimesema mapema kwamba sifa ni ya hesabu, na hesabu yenyewe ni hii: hakuthubutu kushindana na Berkoff kwa mita 35, ambazo mwili wake haukuzizoea, wala hakubaki kwenye 25 ambazo zingalimwacha mbali mno asiweze kumfikia, bali alichukua kiasi ambacho kingempunguzia pengo bila kumnyang'anya miguu ya mwisho. Kwa jambo hili ukimya wa mchujo ulimfaa sana, kwa kuwa Berkoff alikwisha kuonyesha mbele ya macho ya ulimwengu mzima kila alichokuwa nacho, na Suzuki alikuwa bado ameweka akiba ya mita tano.

Kuna jambo jingine ambalo wasioogelea chali hulisahau. Katika mbio za namna nyingine aliyetangulia hajui kilicho nyuma yake. Lakini katika kuogelea chali macho yanaelekea juu na miguuni, hivyo aliyetangulia ndiye aonaye, na aliyeachwa ndiye asiyejua ameachwa kwa kiasi gani. Berkoff alikuwa amezoea kuibuka na kuyakuta maji ya kando yake ni matupu, na walio nyuma wakiwa mbali kiasi cha kutomtia wasiwasi. Safari hii, alipoibuka, alikuwapo mtu. Siwezi kuapa juu ya yaliyopita moyoni mwake, lakini yeyote aliyewahi kuongoza mbio anafahamu kwamba mtu akionekana mahali asipotarajiwa humharibia mwingine mwendo hata kabla ya kumpita.

Hata hivyo Berkoff ndiye aliyegeuka wa kwanza ukutani, na mgeuko wa siku hizo ulikuwa mgumu kuliko wa leo, kwani sheria ilimtaka mchezaji auguse ukuta kwa mkono akiwa bado chali. Urefu wa pili ulikuwa habari ya madeni. Mikono ya Berkoff ilianza kuwa mizito, Polyansky akasogea, na Suzuki naye, aliyekuwa amelipa bei ndogo zaidi chini ya maji, akawa anaila ile nafasi kidogo kidogo, hadi zilipopita juu ya nyuso zao zile bendera zinazotundikwa mita tano kabla ya ukuta ili mwenye kuogelea chali ajue ni mizunguko mingapi imebaki kabla ya kugusa mahali asipopaona. Suzuki aligusa kwa sekunde 55.05, Berkoff kwa 55.18, Polyansky kwa 55.20. Watu watatu ndani ya sehemu 15 za mia za sekunde moja. Na baina ya dhahabu na fedha, kwa mwendo ule, umbali usiofika robo mita.

Ukizitazama takwimu hizi kwa makini utaona ajabu yake. Suzuki alishinda kwa muda ambao Polyansky alikuwa ameupita katika mchujo kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, na Berkoff, kama angalirudia tu alichokwisha kukifanya, angalimwacha mshindi kwa zaidi ya nusu sekunde. Mmarekani alipungukiwa na sehemu 67 za mia tangu mchujo hadi fainali. Mjapani alijiongezea 85. Japani ilikuwa haijapata dhahabu ya kuogelea tangu Munich mwaka 1972, miaka 16 kamili.

Wakuu wa Shirikisho la Kimataifa, FINA, hawakupendezwa na mchezo wa kuogelea ambao mwogeleaji haonekani, na baada ya Seoul wakaweka mpaka wa mita 10 chini ya maji, ambao mwaka 1991 uliongezwa ukawa mita 15. Wapo waliodai kwamba sheria hiyo iliwaadhibu wenye kubuni, na mimi nakiri kwamba mpaka wa kwanza ulikuwa na haraka ya mtu aliyeogopa. Lakini huu wa 15 nauona una insafu, kwa kuwa uliliacha teke la pomboo likae kama sehemu ya ustadi bila kuimeza mikono. Tena mwaka ule ule waogeleaji waliruhusiwa kujipindua kifudifudi na kugeuka bila kuugusa ukuta kwa mkono, na muda walionyang'anywa chini ya maji wakarudishiwa ukutani: rekodi ya Berkoff ya 54.51 ilivunjwa na Mmarekani mwenziwe, Jeff Rouse, kwa sekunde 53.93, na mjini Barcelona mwaka 1992 Mark Tewksbury wa Kanada aliichukua dhahabu kwa 53.98, akimtangulia Rouse kwa sehemu sita tu za mia. Wa tatu alikuwa Berkoff, aliyelazimika kuibuka bila kuvuka mita 15 kama wenzake wote, akamaliza kwa sekunde 54.78.