Plagini Ugenini

Synth1 ni kinanda kisichoshikika. Ni programu iliyotungwa na Mjapani Ichiro Toda kwa kuiga Nord Lead 2, kinanda chekundu cha kampuni ya Clavia ya Sweden, kisha akaigawa bure. Ilizaliwa kwenye Windows, na huko ndiko ilikojulikana. Leo inalia ndani ya Linux, madoido yake yote yakiwa mahali pake, na Toda hakuhitaji kubadilisha hata mstari mmoja. Kuna watu waliofanya kazi hiyo kwa niaba yake, naye hakuwatuma. Hao ndio ninaotaka kuwasifu.

Tuanze na plagini yenyewe. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ilitoa Cubase VST, na pamoja nayo utaratibu uliowawezesha watu wa nje kutengeneza vipande vya kuchomekwa ndani ya programu ya kurekodia. Kipande kimoja hukandamiza sauti, kingine huongeza mwangwi, kingine ni piano nzima. Programu kubwa ndiyo mwenyeji, plagini ni mgeni. Kwa kuwa watumiaji wengi wa kompyuta walikuwa kwenye Windows, wageni wengi walifundishwa desturi za Windows peke yake.

Na desturi hizo ziko ndani kuliko mtu anavyodhani. Faili ya plagini ya Windows imepangwa kwa muundo ambao Linux haiufungui. Hata ukiufungua, salamu zenyewe hazifanani: kwenye Windows ya biti 64, namba nne za kwanza anazokabidhiwa anayeitwa hupitia rejista za prosesa ziitwazo RCX, RDX, R8 na R9, ilhali Linux huanza na RDI na RSI. Mmoja anaweka pale ambapo mwenzake haangalii. Hapo muziki hata haujaanza.

Sehemu kubwa ya pengo hili ilizibwa na Wine, mradi ulioanza mwaka 1993 na ambao Alexandre Julliard ameuongoza tangu 1994. Wine haijifanyi kuwa kompyuta nyingine. Programu ikiita huduma ya Windows, Wine inaitika na kutoa huduma ileile kwa msimbo wake yenyewe, ulioandikwa upya na wanaojitolea pamoja na wanaolipwa. Inabidi iige hata kasoro za Windows, maana zipo programu zinazozitegemea kasoro hizo. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, miaka 15 tangu mradi uanze. Sijui mafundi wangapi wangekuwa na subira hiyo.

Lakini Wine peke yake haitoshi. Mwanamuziki wa Linux anarekodi kwa Ardour, Reaper au Bitwig Studio, programu ambazo ni wenyeji halisi wa Linux. Plagini yake imo ndani ya Wine, kwenye chumba kingine kabisa. Anahitajika wa kwenda na kurudi kati yao. Kjetil Matheussen alijaribu kwa vstserver, Chris Cannam akaja na dssi-vst, na wengine wakafuata. Mwaka 2020 Robbert van der Helm akatoa yabridge, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyoufikisha ufundi huu kwenye ukomavu.

Yabridge huweka faili ndogo ya Linux inayojitambulisha kwa mwenyeji kama plagini ya kawaida. Mwenyeji akiifungua, nayo inawasha programu ya pili ndani ya Wine, na hiyo ndiyo inayoipakia plagini yenyewe. Maagizo hupita kwenye soketi. Sauti huwekwa kwenye sehemu ya kumbukumbu ambayo pande zote mbili zinaiona, ili muda usipotee kwa kunakili. Muda wenyewe ni kidogo: ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na bafa ya sampuli 128, kila zamu ina milisekunde zisizofika 2.7, na ndani ya hizo lazima sauti iende, ichakatwe na irudi. Ikichelewa, spika zinatoa mpasuko ambao hata asiyejua muziki ataugutukia.

Kuna tatizo jingine ambalo kwangu ndilo linaloonyesha fundi ni nani. Programu hugawa kazi zake katika nyuzi, na shughuli za dirisha hufanyika kwenye uzi mmoja maalumu. Mwenyeji anauliza plagini jambo kwa uzi huo, kisha anasubiri. Kabla ya kujibu, plagini nayo inaomba: naomba dirisha langu lipanuliwe. Ombi hilo linatakiwa lishughulikiwe kwenye uzi uleule ambao sasa umekaa unasubiri jibu. Mwenyeji na plagini wangekuwa chumba kimoja, pasingekuwa na taabu, maana ombi lingepita ndani ya mwito uleule na kurudi. Ukishawatenganisha, kila upande unamngoja mwenzake, na skrini inaganda.

Mshenga mzoefu anaijua hali hiyo. Amepeleka posa, na badala ya jibu akapewa swali. Harudi kusema amekataliwa, wala hakai barazani akisubiri hadi jioni. Analipeleka swali, analirudisha jibu lake, na posa bado iko mezani. Yabridge inafanya vivyo hivyo: ujumbe hutumwa kwa uzi wa pembeni, na ule uzi wa dirisha, wakati unasubiri, hubaki tayari kupokea kazi inayotoka upande wa pili. Kuliandika hili ni maneno machache. Kulifanya lishike kwa wenyeji wote na wageni wote, kila mmoja na ukaidi wake, ni kazi ya mtu anayesikiliza kwa makini.

Tena wasikilizaji hawa mara nyingine hawakuruhusiwa kuutumia mwongozo wa Steinberg. Leseni ya VST2, toleo la pili la utaratibu ule wa plagini, haikupatana na programu huria, na mwaka 2018 Steinberg ikafunga kabisa kuigawa kwa watengenezaji wapya. Njia ilikuwa imeshapatikana: Javier Serrano Polo alikuwa ameandika maelezo ya namna mwenyeji na plagini wanavyowasiliana, kwa ajili ya programu ya muziki ya LMMS, bila kunakili maandishi ya Steinberg. Programu nyingi huria, yabridge ikiwemo, zimejengwa juu ya kazi ya namna hiyo.

Wapo wanaosema madaraja haya yanawadekeza wenye makampuni: kwa nini watengeneze plagini za Linux ikiwa za Windows zinapita? Hoja ina uzito. Ila mtayarishaji mwenye mradi wa miaka kumi iliyopita anataka ufunguke ukiwa na sauti ileile. Hakuomba kuwa askari wa vita vya mifumo. Na ziko plagini za biti 32, za wapenzi waliozigawa bure miaka ya 2000, ambazo waliozitunga wameshaacha na hakuna wa kuzitengeneza upya. Apple iliziondolea programu zote za biti 32 makao kwenye macOS Catalina mwaka 2019. Linux bado inazipokea plagini hizo, kupitia daraja.

Daraja hilo halivushi kila kitu. Plagini zinazodai kifaa cha USB cha iLok bado hugoma. Na Wine yenyewe hubadilika: baada ya toleo la 9.21, watumiaji wengi wa yabridge waliona kipanya kinabofya kando ya kitufe walichokilenga, wakalazimika kubaki na toleo hilo la zamani.

Basi plagini ikikugomea kwenye Linux, usimwandikie kwa hasira aliyeitengeneza; yeye aliahidi Windows tu. Weka kigeu cha mazingira YABRIDGE_DEBUG_LEVEL kiwe 1, taja faili ya kuandikia katika kigeu YABRIDGE_DEBUG_FILE, rudia kosa mpaka litokee, kisha peleka faili hiyo kwa wajenzi wa daraja pamoja na jina la plagini, la mwenyeji, na toleo la Wine unalotumia.