Kuipima Filamu ya Kusaka Mume Tajiri

Ukitazama filamu ya mapenzi ya kuchekesha, jiulize kwanza: mpango wa wahusika unavurugwa na nini? Ukivurugwa na bahati mbaya tu, mwandishi amechoka. Ukivurugwa na tabia zao wenyewe, tulia kitini, umekutana na fundi. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni How to Marry a Millionaire ya mwaka 1953, iliyoandikwa na Nunnally Johnson na kuongozwa na Jean Negulesco. Wanamitindo watatu wanapanga nyumba ya kifahari New York wapate kunasa matajiri, na ili wasilale njaa wanauza samani za mwenye nyumba.

Anza na Pola wa Marilyn Monroe. Macho yake hayaoni vizuri, lakini mbele ya wanaume havai miwani kwa kuamini kuwa watamkimbia. Basi anajigonga ukutani, anashika kitabu juu chini, na siku ya safari ya Atlantic City anapanda ndege ya Kansas City. Humo anaketi jirani na mwanamume mwenye miwani, anayemhimiza avae yake. Kasoro iliyotuchekesha tangu mwanzo ndiyo hiyo hiyo inayompatia mpenzi. Mchunguze Monroe usoni: haigizi upumbavu, anaigiza hofu ya kutopendeza. Waigizaji wengi hapa hukosea.

Schatze, wa Lauren Bacall, huwapima wanaume kwa mavazi. Tom, mwanamume anayemfuatilia, hana tai, kwa hiyo anamdhania mhudumu wa kituo cha mafuta. Sisi tumeshajua kuwa Tom ni tajiri mkubwa, na siri hiyo ndiyo inayoipa kila dharau ya Schatze ladha. Filamu dhaifu ingetuficha hadi mwisho, ipate mshtuko mmoja na kupoteza vicheko vingi.

Betty Grable, katika nafasi ya Loco, hakutendewa haki. Kudhani kwamba mlinzi wa misitu ndiye mmiliki wa miti yote anayomwonyesha ni kosa lake mwenyewe, na linachekesha. Lakini kumlaza kwa surua huko Maine ili hadithi isogee? Surua humpata yeyote. Punguza alama hapo bila huruma.

Kisha mtazame tajiri ambaye Schatze anamsaka. William Powell anamcheza mzee wa Texas mpole, mwenye heshima ya kweli. Angekuwa bahili au mkorofi, kumwacha kusingemgharimu Schatze chochote. Naye Schatze, akimhakikishia kuwa umri si kitu, anamsifu yule mzee wa The African Queen, yaani Humphrey Bogart, aliyekuwa mume halisi wa Bacall. Hata asiyejua ndoa hiyo atacheka, maana hoja yenyewe inamfaa msemaji, na ndivyo dokezo linavyopaswa kuwa.

Mwisho, tafuta nakala yenye upana wake kamili. Hii ilikuwa miongoni mwa filamu za kwanza za CinemaScope, mfumo wa picha pana, na Negulesco anawaweka wanawake wote watatu ndani ya picha moja, mmoja akisema huku wawili wakisikiliza. Nakala zilizokatwa kingo kwa ajili ya televisheni za zamani huwaondoa wasikilizaji, na nusu ya uigizaji imo katika nyuso zao.