Kulisikia Sanduku: Hedifoni Nafuu kwa Chumba cha Kurekodia Bwejuu

Vijana wa Bwejuu, Unguja, waliponiita niwasaidie kupanga chumba chao cha kurekodia, walianza na spika. Walikuwa wameshachagua jozi ya spika za studio za inchi tano, na walichotaka kwangu ni kuambiwa waziweke ukuta gani. Nikawaomba pesa ile waigeuze: wanunue hedifoni kwanza, spika zisubiri. Hawakufurahi, na nawaelewa. Spika mbili mezani ndizo zinazofanya chumba kionekane studio. Lakini kazi yao ya kwanza ilikuwa kurekodi kidumbak, muziki wa ngoma, fidla na besi ya sanduku, na kwa spika chumba kile kingewapotosha tangu siku ya kwanza.

Chumba chenyewe ni cha matofali ya simenti, mita tatu kwa nne, dari ya mita 2.7 chini ya bati. Kwenye joto la nyuzi 30, ambalo pwani ile ni la kawaida, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Chukua mwendo huo, ugawe kwa umbali wa kuta mbili zinazotazamana uliozidishwa mara mbili, na utapata mtetemo ambao kuta hizo hurudishiana na kuukuza. Kwa mita nne ni karibu 44 Hz, kwa mita tatu ni 58, na baina ya sakafu na dari ni kama 65. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa 41 Hz, na unaoufuata 55. Maana yake chumba kimeweka mitego yake mitatu pale pale besi inapoishi. Ukikaa kwenye kiti cha kompyuta, noti moja inavuma mpaka kioo cha dirisha kinatetemeka. Ukisogea hatua mbili kuelekea mlangoni, noti ile ile imekwisha. Prodyuza anayechanganya humo atapunguza besi ambayo wala haikuzidi, na wimbo ukipigwa harusini Makunduchi utakuwa mwepesi, ngoma zinalia bila ya kitu chini yake.

Trei za mayai hazisaidii hapo, wala sponji jembamba la kubandika ukutani. Vitu hivyo hupunguza mwangwi wa sauti za juu tu. Mawimbi ya besi yenye urefu wa mita sita au nane yanapita kama hayakuona kitu. Kuyazuia kunataka sufi au pamba nzito iliyojazwa kwenye kona kwa unene mkubwa, na hiyo ni gharama nyingine. Hedifoni inakiondoa chumba kabisa kwenye hesabu. Kwa dola 100 unapata usikivu wa besi ambao spika za dola 300 haziwezi kukupa ndani ya kuta zile.

Tena namna ya kurekodi yenyewe imebadilika. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi sahani za kampuni ya HMV, wote walipiga pamoja kwa wakati mmoja, na uwiano wa sauti ulitegemea nani amekaa karibu na maikrofoni na nani amesogezwa nyuma. Taarab iliyorekodiwa redioni miaka iliyofuata ilikwenda kwa mwendo huo huo wa kundi zima kupiga kwa pamoja. Kijana wa leo mwenye kompyuta moja na maikrofoni moja hana nafasi hiyo. Anarekodi ngoma leo, fidla kesho, mwimbaji akipata wasaa baada ya kutoka pwani kwenye mwani. Kila anayeingia lazima awasikie waliomtangulia, na wanachopiga kisitoroke kikaingia kwenye maikrofoni yake.

Kwa hiyo hedifoni ina kazi mbili, na mara nyingi watu hununua moja wakitaraji ifanye zote bila ya kujiuliza. Kwa anayeimba, lazima iwe ya kufunga, yaani vikombe vyake vimezibwa nyuma. Zile za wazi zina matundu nyuma; sauti yake ni pana na haichoshi, lakini kliki ya mdundo inavuja na kuingia kwenye rekodi, na ni vigumu programu kuifuta bila ya kuumiza sauti ya mwimbaji. Za nusu wazi ziko katikati, na kwa kurekodi sauti karibu na maikrofoni nazihesabu kuwa zinavuja. Kwa anayechanganya, ya wazi ni nzuri iwapo chumba kimetulia. Bwejuu, kusi likivuma na pikipiki zikipita barabarani, chumba hakitulii. Ndiyo maana nilisimama kwenye za kufunga kwa kazi zote mbili.

Tukaziangalia hedifoni zinazopatikana kwa bei ya mtu wa kawaida. Sony MDR-7506 ipo sokoni tangu 1991 na bado utaikuta redioni na kwenye studio za dunia nzima. Bei yake ng'ambo ni karibu dola 100. Sauti zake za juu ni kali, na ukali huo ni faida kwa anayetafuta makosa: pumzi, mate, waya unaochacharika, vyote vinaonekana. Ila ukichanganya nayo saa tatu mfululizo masikio yanachoka, na mkono unaanza kupunguza ung'avu ambao wimbo unauhitaji. Waya wake haubanduki, na ngozi ya mito yake inajulikana kwa kumenyeka. AKG K240 Studio ni nafuu zaidi, sauti zake za kati ni za kuaminika sana, na kwa sauti ya mtu na udi mimi naipenda kuliko zote za bei hii. Lakini ni ya nusu wazi, na besi yake ya chini kabisa ni dhaifu. Anayechanganya kidumbak kwa K240 hatalisikia sanduku vizuri. Hatausikia vizuri wala mvumo wa umeme wa 50 Hz unaoingia kupitia waya mbovu wa ardhi, mpaka wimbo ufike kwenye spika kubwa.

Na sanduku ndilo lililoamua. Besi ya kidumbak ni sanduku la mbao, fimbo na uzi mmoja. Mpigaji anaivuta fimbo kukaza uzi na sauti inapanda, anailegeza inashuka. Noti yake haina ukingo mkali kama wa gitaa. Nusu yake ni noti, nusu ni pigo la mbao. Hedifoni iliyoongezewa besi kiwandani, kama zile nyingi za kusikilizia muziki mitaani, inalifanya pigo lile lijae kila mahali na huwezi kujua noti iko wapi. Isiyo na besi inakupa pigo tu. Tulihitaji inayolitenganisha pigo na noti, na kwa bei ile Audio-Technica ATH-M40x ndiyo iliyofanya hivyo kwa uaminifu. Ndugu yake M50x ni maarufu zaidi na ghali zaidi, lakini inanyanyua kidogo besi na sauti za juu. Inafurahisha kusikiliza, na kwa kuchanganya nataka chombo kisichonifurahisha mapema.

Kwa mwimbaji tulichukua M20x, ya karibu dola 50. Ni ya kufunga, nyepesi, waya wake wa mita tatu unafika mpaka kwenye maikrofoni bila ya kuunganisha. Sauti yake si ya kuamulia miksi, na hatukuinunua kwa hilo.

Hapo ndipo likatokea jambo ambalo sijaliona katika maelezo yoyote ya hedifoni. Bibi mmoja aliyekuja kuimba alivaa hedifoni juu ya ushungi, tukampigia mdundo, akatikisa kichwa. "Mwanangu, mie ngoma naisikia kwa mbali, na hilo sanduku silisikii kabisa." Kijana akaongeza sauti. Akaongeza tena. Ngoma ikawa inaumiza, sanduku bado halipo, na kliki sasa inasikika mpaka nilipokaa mimi. Tatizo halikuwa sauti. Hedifoni ya kufunga hupata besi yake kwa kuziba hewa baina ya mto na kichwa. Ikipatikana njia ndogo tu ya hewa, besi ndiyo ya kwanza kuondoka, sauti za kati na za juu zinabaki. Mikunjo ya kitambaa ni njia kama hiyo, na kupitia njia hiyo hiyo kliki inatoka nje. Miguu ya miwani mipana hufanya vivyo hivyo, na kofia ya kiua ikishuka mpaka sikioni nayo pia.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Bibi akaenda chumba cha ndani na binti yake, akavaa hedifoni kwanza, mito ikakaa moja kwa moja kwenye ngozi, kisha akajitanda ushungi juu yake na waya ukapita nyuma ya shingo. Sanduku likarudi, na tukaishusha sauti chini ya pale tulipoanzia. Nawaomba wenye studio za Unguja walizingatie hili, kwa sababu waimbaji wetu wengi ni wanawake, na mwimbaji asiyesikia besi hupotea kwenye ufunguo na lawama akabebeshwa yeye. Wekeni kioo na mlango unaofungika, basi. Kama mwimbaji hapendi kufanya hivyo, tabaka moja la pamba nyembamba lililonyooshwa bila ya mkunjo linavuja kidogo kuliko hariri iliyokunjwa mara tatu.

Kuhusu ukinzani wa hedifoni, watu huangalia idadi ya omu peke yake na kuogopa bure, au kujiamini bure. Chukua Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250, inayotoa desibeli 96 kwa miliwati moja, na K240 ya omu 55, inayotoa desibeli 91. Zichomeke zote kwenye tundu linalotoa nusu volti. Ya kwanza itafika desibeli 96, ya pili karibu 98. Tofauti ya omu ni zaidi ya mara nne, na sikio halitaona jambo kubwa. Soma namba zote mbili pamoja. Kama kazi yako ni ya simu au ya kadi ya sauti inayokula umeme wa kompyuta, M40x yenye omu 35 haitakusumbua.

Za bila waya ziacheni kwa kusikilizia njiani. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, na mpigaji wa cherewa, yale manyanga ya mkononi, akisikia mdundo umechelewa kiasi hicho hawezi kukaa kwenye mwendo, awe hodari vipi.

Chumvi ni adui mwingine, na Bwejuu iko ufukweni. Pini ya waya huota kutu ya kijani, sauti inaanza kukatika upande mmoja, na mtu anadhani spika ya ndani imekufa. Mara nyingi ni pini tu: pamba, spiriti kidogo, isugue, iache ikauke. Ngozi ya bandia ya mito huchanika kwa jasho na joto. Kabla ya kununua hedifoni yoyote ulizeni kama mito na waya wake vinauzwa peke yake. M40x waya wake unabanduka na mito inavuliwa kwa mkono, na hiyo ni sababu yangu ya pili kuichagua baada ya sanduku. Usiku ikae ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Bandia ni nyingi kwenye masoko ya Darajani na Kariakoo, hasa za majina makubwa. Boksi lake linaweza kufanana na la asili mpaka herufi ya mwisho, kwa hiyo amini masikio. Nenda na simu yenye programu ya kutoa mtetemo mmoja mmoja, anzia 30 Hz na upande taratibu. Sauti ikae katikati ya kichwa muda wote. Ikihamia kushoto au kulia katika sehemu fulani, spika mbili za ndani hazilingani. Isichacharike chini ya 60 Hz. Kisha piga taarab yenye kanuni. Kila noti ya kanuni ni nyuzi tatu zinazopigwa pamoja, na hedifoni nzuri inakuonyesha kuwa ni tatu, ule mng'ao unaotembea ndani ya noti moja. Kwenye bandia ni chuma kimoja kinachogongwa. Muuzaji asiyekuruhusu kujaribu, muage kwa heshima uende duka la pili.

Hedifoni ina upotofu wake pia. Sauti ya kushoto inaingia sikio la kushoto tu, wakati kwenye spika kila sikio linasikia pande zote mbili, kwa hiyo fidla uliyoitupa kulia kabisa itasikika imejitenga mno. Mwangwi nao unasikika mwingi, na utautia kidogo kuliko inavyotakiwa. Vijana wale sasa wanaibana miksi iwe mono kabla ya kumaliza, kwa sababu ndivyo inavyosikika kwenye simu nyingi na kwenye spika nyingi za daladala, kisha wanalinganisha na wimbo mmoja wa zamani wanaoujua vizuri, kwa sauti iliyoshushwa mpaka mtu akizungumza chumbani asikike. Kwenye desibeli 85 sikio lina saa nane za usalama kwa siku, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda huo unakatwa nusu; kwenye 94 ni saa moja.

Spika hazijanunuliwa. Pesa iliyobaki ilinunua mito ya akiba, waya wa pili, na amplifaya ndogo ya Behringer HA400 yenye matundu manne, kila moja na kitufe chake cha sauti, ili mpigaji wa sanduku ajiongezee sauti bila ya kumpigia kelele mpiga fidla.