Roboti Katika Ukungu wa Tukuyu

Saa nne asubuhi jua linaweza kuwa linawaka Tukuyu, na kabla ya saa tano ukungu ukawa umeshashuka kutoka Mlima Rungwe na kuufunika mji. Sehemu za wilaya hii ya Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na chai ya Katumba na migomba ya kila ua hustawi kwa sababu hiyo. Mwanafunzi anayeunda roboti ana hesabu nyingine na mawingu hayo. Mashine iliyofuata mstari bila shida jua likiingia dirishani hupotea njia mara mwanga unapobadilika, na hapo ndipo kazi yenyewe huanza.

Roboti ya kufuata mstari ndiyo ya kwanza kwa wanafunzi wengi duniani. Mahitaji yake ni machache: mota mbili ndogo, magurudumu mawili na kigurudumu cha tatu kinachozunguka huru, betri, ubao wa kompyuta ndogo kama Arduino, na vihisi vitatu au vitano vilivyopangwa chini ya tumbo. Arduino ilibuniwa mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa mafundi wa elektroniki. Ubao wake maarufu, Uno, una nafasi ya kilobaiti 32 tu kwa programu nzima. Picha moja ya simu haiingii humo. Njia ya roboti ni tepu nyeusi ya fundi umeme iliyobandikwa juu ya karatasi nyeupe za manila.

Kila kihisi kina taa ndogo ya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa jicho, na pembeni yake kipokezi kinachoungoja urudi. Nyeupe huurudisha, nyeusi huumeza. Ubao huugeuza mwanga uliorudi kuwa namba kati ya 0 na 1023. Anayeanza hupima mara moja, akakuta kwa mfano nyeupe ni 200 na nyeusi ni 800, akaandika kwenye programu kwamba mpaka ni 500, akaridhika. Lakini jua nalo limejaa infraredi. Wingu likipita, namba zote husogea pamoja na ule mpaka wa 500 hauna maana tena.

Fundi mzuri ana dawa tatu za ugonjwa huu. Kwanza, huvizungushia vihisi ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, mwanga wa pembeni usiingie. Pili, huiandikia roboti izime taa yake isome, iwashe taa isome tena, kisha itafute tofauti ya namba hizo mbili. Jua lipo katika zote mbili, hivyo hujifuta, na kinachobaki ni mwanga wa taa peke yake. Tatu, kila inapowashwa, roboti huzunguka palepale kwa sekunde chache, ikipita juu ya nyeusi na nyeupe, ijipangie mpaka wa saa hiyo. Dawa zote tatu hazifiki bei ya soda. Gharama yake ni mtu kukaa na namba zinazotiririka kwenye kioo cha kompyuta mpaka aelewe kwa nini zinapanda na kushuka.

Mwili wa roboti hutegemea kilichopo. Kipande cha plaiwudi kutoka kwa seremala hutosha, hata kifuniko cha ndoo. Mota hung'olewa kwenye printa na deki za DVD zilizokufa. Betri hutoka ndani ya kompyuta mpakato mbovu, zile seli za duara zenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65, ambazo mara nyingi moja au mbili zimekufa na nyingine zinadunda bado. Fundi huzipima moja moja kwa multimita na kutenga zilizochoka, kwa sababu seli ya lithiamu ikichajiwa kupita volti 4.2 au waya zake zikigusana inaweza kuwaka moto.

Visivyopatikana huagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi. Rungwe haioni ajabu kwa hilo. Kwa vizazi vingi Wanyakyusa walipata majembe yao kwa wahunzi wa Kikinga wa milima ya Livingstone. Chuma kilitoka kwa jirani, na ulimaji uliosifika ulikuwa wa hapa.

Baada ya mwili huja kulehemu, na hapa mkono humuumbua mtu. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kuanzia nyuzi joto 183. Asiyejua huiyeyusha kwenye ncha ya kifaa na kuidondosha juu ya waya. Ikipoa hukaa kama donge la ugali, imefifia, na mtikisiko mdogo unaikata. Anayejua huzipasha moto zile nyaya zenyewe, kisha huigusisha lehemu kwenye nyaya, ikatambaa na kutulia iking'aa. Baadaye husugua kiungo kwa mswaki na spiriti. Katika hewa yenye unyevu kama ya Tukuyu mabaki ya dawa ya kulehemu hunyonya maji na kuanza kuula waya kimya kimya. Waundaji wakubwa nao huanza na hali ya hewa ya kwao. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi wa Kinshasa alisimamisha barabarani roboti za kuongoza magari, ndefu kuliko mtu, zikitumia umeme wa jua, na mwili wake aliujenga kwa alumini ili uhimili joto na mvua za Kongo.

Kisha siku hufika ya kuiwasha, na roboti huzimika. Huwaka tena, husogea kidogo, huzimika. Tatizo hili huwapata karibu wote wanaoanza, na wengi hurudi kwenye programu na kuifumua usiku kucha. Programu haina kosa. Pini moja ya Uno inafaa kutoa miliampia 20 hivi, na mota ndogo inapoanza kuzunguka hudai mamia. Ndiyo maana katikati huwekwa saketi ya kuendesha mota, lakini hata hivyo betri ikiwa moja na imechoka, mota hulamba umeme wote kwa mpigo, volti hushuka, ubao hujiwasha upya. Fundi huweka multimita kwenye betri, huiachia roboti iondoke, na kuitazama volti ikianguka mbele ya macho yake. Baada ya hapo tiba ni rahisi: betri ya mota itenganishwe na ya ubao, waya zao za hasi ziunganishwe, na kapasita iwekwe jirani na mota. Ninachokistahi hapa ni ule uamuzi wa kupima kabla ya kubomoa.

Ikishatembea, roboti huyumba. Hugusa mstari, huupita, hurudi kwa nguvu, huupita tena upande wa pili. Dereva wa Coaster anayezishuka kona za kuingia Tukuyu hakati usukani wote kwa kila kona; hutazama yuko mbali kiasi gani na katikati ya njia, na gari linateleza kuelekea pembeni kwa kasi gani. Roboti hufundishwa hayohayo kwa hesabu. Sehemu ya kwanza hupima kosa la sasa, ya pili hukusanya makosa madogo yaliyorundikana, ya tatu hutazama kosa linavyobadilika. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi Marekani, aliandika hesabu hizo baada ya kuwachunguza washika usukani wa meli. Leo zinakaa katika mistari michache ya programu. Kazi ni kutafuta uzito wa kila sehemu: namba moja ikizidi, roboti inatetemeka, ikipungua, inatoka nje kwenye kona. Fundi hubadilisha namba moja tu kwa wakati, huiandika kwenye daftari, hujaribu, huandika kilichotokea. Anayebadilisha tatu kwa pamoja hawezi kujua ipi iliyosaidia.

Hata baridi ina hesabu yake. Kihisi cha kukwepa vizuizi hupiga sauti ya mitetemo 40,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu halisikii, kisha hupima muda wa mwangwi kurudi. Programu nyingi huchukulia kwamba sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, na hiyo ni kweli hewa ikiwa na nyuzi 20. Kwenye nyuzi 10 husafiri mita 337 hivi. Asubuhi ya Julai, ukuta ulio mita moja utaonekana uko mbali zaidi kwa karibu sentimita mbili. Kwa roboti ya kuchezea si kitu, lakini anayeliona kosa hilo na kulirekebisha amekomaa.

Wingi wa vipande haujawahi kuwa kipimo cha fani hii. Mwaka 1948 na 1949 William Grey Walter wa Bristol, Uingereza, aliunda roboti mbili zenye umbo la kobe, Elmer na Elsie. Kila moja ilikuwa na valvu mbili za redio, kihisi cha mwanga na kihisi cha mguso, na bado zilifuata mwanga, zilikwepa vizuizi na kurudi kibandani kujichaji. Vipande vichache vilivyosawazishwa vizuri hushinda vingi vilivyounganishwa kwa haraka.

Mbeya, safari ya kama kilomita 70 kutoka Tukuyu, kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na maonyesho ya Young Scientists Tanzania yaliyoanza mwaka 2012 yamewapa wanafunzi wa sekondari jukwaa la kuonyesha kazi zao. Milango ipo. Ombi langu kwa walimu na wazazi wa Rungwe ni dogo: mpeni mwanafunzi meza ambayo haitafagiliwa jioni, mwacheni nayo muhula mzima, na siku atakapowaletea roboti yake msiridhike kuiona ikitembea. Mwambieni afungue daftari awaonyeshe ilikosea wapi, na alijuaje.