Mashua ya Anga: Istilahi za Sanamu za Kompyuta

Miongoni mwa washabiki wa bunilizi za kisayansi imeenea kazi ya kubuni, kwa kompyuta, vyombo vya angani ambavyo havijapata kuundwa. Aghalabu huchagua kile chombo kidogo kinachobebwa tumboni mwa chombo kikubwa ili kiwashushe watu nchi kavu, kama Galileo wa Star Trek, mfululizo ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966. (Mfululizo huo ndio uliochukua neno letu uhuru, ukaligeuza irabu ya mwisho, ukapata jina la Uhura.) Mfasiri anayetaka kuieleza kazi hiyo kwa Kiswahili huangukia maneno mawili yaliyochoka: chombo cha anga na modeli.

Chombo cha anga si kosa, ila neno hilo halibagui. Setilaiti ni chombo cha anga; hata kile cha Marekani kilichokwenda na kurudi tangu mwaka 1981 hadi 2011 ni chombo cha anga, ingawa kiliondoka duniani na hakikuwa mtoto wa merikebu yoyote. Watu wa pwani, ambao kwao chombo ni jahazi, hawakuwa na shida hiyo: jahazi lilitia nanga, watu wakashuka kwa mashua. Kwa hiyo napendekeza mashua ya anga. Huenda ikasemwa kwamba neno la pwani halimfai msomaji wa Newala, mji uliokaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde wenye dhiki ya maji. Hoja hiyo ni dhaifu. Lugha iliyouita mtambo wa chuma ndege haiwezi kushindwa na mashua isiyogusa maji.

Kuhusu modeli, shauri ni zito zaidi. Mfano hutatiza, kwani "mfano wa chombo" waweza kuwa chombo chenyewe kilichotajwa katika maelezo. Hapana budi tutazame tendo kabla ya jina. Mbuni huanza na mchemraba. Huvuta nyuso zake, hukata, hutoboa madirisha, tena hufanya nusu moja tu na kuiacha programu inakili ya pili kama kwenye kioo. Anachopata ni gamba lisilo na unene mpaka alipe. Mchongaji wa lipiko, kile kinyago kinachovaliwa kichwani katika ngoma ya mapiko, naye huanza na pande la mti. Huchonga nje, kisha hukomba ndani hadi liwe jepesi. Tofauti ipo: mti ukishakatwa haurudi. Lakini mwalimu wa Masasi au Newala akisema "chonga nje, komba ndani", nadhani ataeleweka upesi kuliko akisema "tengeneza modeli".

Basi kitenzi na kiwe kuchonga. Nomino ina taabu: mchongo siku hizi mitaani ni mpango wa kupatia fedha, na kumwita mtu kinyago ni kumtukana. Sanamu inatosha, nayo haidai mti wala jiwe. Modeli waachiwe wanahisabati na wanauchumi.

Majina ya sehemu hayahitaji kubuniwa; omo, tezi na mataruma yamo kamusini. Linalobaki ni kile chumba kidogo chenye milango miwili isiyofunguliwa kwa pamoja, kinachozuia hewa isitoroke. Hicho hakina mwenzake katika mashua yoyote ya baharini, na wasomaji wanaombwa kuleta mapendekezo.