Tippu Tip na mchoro wa wanafizikia

Kitabu cha Tippu Tip, *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi*, alichokichapisha Heinrich Brode huko Berlin 1902 na 1903, kinasomeka haraka mno. Pembe kwa frasila, bei, safari, vita, kisha pembe tena. Hebu leo tukisome pamoja na mchoro wa kuazima kwa wanafizikia, maana nadhani unaonyesha kinachopitwa.

Wanaochunguza kiini cha atomu huchora hivi: joto linapanda juu, msongamano unakwenda kulia. Ukiipasha maada hiyo moto hadi zaidi ya nyuzi trilioni moja, protoni na nyutroni zinayeyuka, kwaki na gluoni zinakuwa huru. Msongamano ukiwa mdogo, hesabu za kompyuta za 2006 zilionyesha kwamba badiliko hilo ni laini: huwezi kuweka kidole ukasema mpaka ni hapa. Upande wa kulia wengi wanatarajia mpaka mkali, kama wa maji yanayochemka, unaoishia kwenye nukta moja. Nukta hiyo bado inasakwa, na wanaoisaka ni pamoja na watafiti wa Brookhaven, Marekani.

Sasa Tabora. Babake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Katika nyumba ile pwani inaishia wapi, bara inaanzia wapi? Wengi wameichora Tabora kama lango la dunia mbili. Tippu Tip anaipita kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni, na hapo namsifu.

Lakini huo ni upande mmoja tu wa mchoro. Januari 1893, Wajerumani walipoivamia ngome ya mtemi Isike, alijilipua kwenye ghala la baruti. Mji ule ule, na safari hii mpaka ni wa wembe.

Na mateka je? Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo kwa ujira, akarudi kwao kulima. Aliyetiwa minyororo alivuka siku moja, basi. Kitabuni watumwa wapo, wanatekwa, wanatajwa; hawasemi. Mwandishi ametuchorea ile kona laini aliyoishi yeye, na sisi tumezoea kuisoma kama ramani nzima ya njia ya misafara.

Kisomeni, tena kwa Kiswahili chake chenyewe. Ila mkifika penye mateka punguzeni mwendo, kwa sababu mwandishi hapunguzi.